Kelele za ugenini haziumizi kama kimya cha nyumbani: mashabiki wanamfanya nini mchezaji wa kikapu?

Mleta mada

Wakuu, heshima zenu.

Kila msimu wa mtoano ukifika ubishi ni uleule: timu ikipata mechi ya saba, ile ya mwisho ya kuamua nani anavuka, kwake, basi imeshavuka, mashabiki wataibeba. Mchezo huu nimeufuatilia miaka mingi, na kadiri ninavyoutazama ndivyo ninavyoona kwamba jambo hili tunalishika upande mmoja. Mashabiki wanabeba, sikatai. Ila kuna saa wao ndio mzigo wenyewe.

Nianze na usiku mmoja. Tarehe 7 Juni 1995, Orlando, mechi ya kwanza ya fainali ya NBA, ligi ya kulipwa ya kikapu ya Marekani, Orlando Magic na Houston Rockets. Magic wako kwao, wanaongoza kwa pointi tatu, zimebaki sekunde za kuhesabu vidoleni. Nick Anderson anachezewa faulo, anapewa mitupo huru miwili. Kila mmoja ni pointi moja, kwa hiyo mmoja tu ukiingia, pengo ni pointi nne, mechi imekwisha. Wa kwanza unagoma. Wa pili unagoma. Mpira unaruka, anaudaka mwenyewe, anachezewa faulo tena, anarudishwa mstarini. Anakosa na hiyo miwili. Rockets wanapanda upande wa pili, Kenny Smith anatia ya pointi tatu, mechi inakwenda muda wa nyongeza, Rockets wanashinda 120 kwa 118. Fainali nzima Rockets wakaimaliza kwa mechi 4-0.

Sasa jiulizeni, nani alikuwa anampigia kelele Anderson? Hakuna. Ule ulikuwa uwanja wake. Yeye ndiye mchezaji wa kwanza kabisa Magic kumchagua kwenye drafti, ile zamu ya timu kuchagua wachezaji wapya, mwaka 1989, watu wale walimjua tangu timu inaanza kutambaa. Walikuwa wamenyamaza kwa ajili yake, wameshika vichwa, wanamwombea. Na msimu ule alikuwa anatia mitupo huru kama 70 kati ya kila 100. Msimu wa 1996-97 akashuka hadi 40. Mkono ni uleule, mstari ni uleule, ringi haijaongezwa urefu.

Ndiyo maana nasema kimya cha nyumbani ni kizito kuliko kelele za ugenini. Karibuni tuijadili, nitaendelea jioni.

Mdau wa kwanza

Mkuu umeandika vizuri, lakini mfano mmoja hautoshi kujenga nyumba. Mtu mmoja kukosa mitupo minne ni bahati mbaya, inatokea. Leta takwimu. Mimi ninavyojua timu za nyumbani zinashinda zaidi, tangu enzi na enzi. Kama mashabiki wa nyumbani ni mzigo, hizo mechi za nyumbani wanazishindaje?

Mleta mada

Nimerudi. Swali zuri mkuu, na lina majibu mawili yanayovutana, kwa hiyo nivumilieni.

Ni kweli wenyeji hushinda zaidi. Miaka ya 1980 kwenye NBA walikuwa wanachukua karibu mechi mbili kati ya kila tatu. Siku hizi pengo limepungua sana, lakini bado lipo. Swali ni hilo pengo linatoka wapi, maana kucheza na mtu kwake kuna mambo mengi ndani yake: safari, kulala kitanda cha hoteli, kubadili majira ya saa, waamuzi, sakafu uliyoizoea, na ndiyo, watu elfu kumi na nane wanaopiga kelele. Kwa miaka mingi hakuna aliyeweza kuvitenganisha, kwa sababu vyote vinakuja pamoja.

Kisha ikaja korona. Tarehe 11 Machi 2020 NBA ikasimamisha msimu, na mwezi Julai timu 22 zikafungiwa kambi moja ndani ya Walt Disney World, karibu na Orlando. Hakuna safari, hakuna mashabiki ukumbini, pembeni ya uwanja kuna skrini kubwa zenye sura za watu walioko majumbani kwao. Msimu uliofuata, ulioanza Desemba 2020, ndio uliokuwa mtamu zaidi kwa mtu anayetaka kujua ukweli: karibu timu zote zilirudi kwenye viwanja vyao na kusafiri kama kawaida, lakini baadhi ya viwanja viliruhusu mashabiki kiasi na vingine vilibaki vitupu, kutegemea masharti ya afya ya kila jimbo. Yaani safari ipo, hoteli ipo, sakafu ni ileile, kilichobadilika ni watu tu.

Watafiti wakazikokotoa mechi hizo. Palipokuwa na mashabiki, wenyeji walishinda karibu mechi 59 kati ya kila 100. Palipokuwa patupu walishinda karibu 51. Nusu kwa nusu, kama kurusha sarafu. Kwa hiyo mkuu uko sahihi: mashabiki wanabeba, tena wanabeba sehemu kubwa ya ile faida yenyewe.

Lakini tazameni *wanabeba nini*. Tofauti ilionekana waziwazi kwenye rebaundi, ule udakaji wa mpira uliogoma kuingia, yaani kwenye vitu vya juhudi, vya kugombania, vya kuruka mara ya pili na ya tatu wakati miguu imeshakataa. Na hapa ndipo mitupo huru inaponivutia. Ule ndio wakati pekee kwenye mchezo huu ambapo mtu anasimama peke yake, hakuna anayemzuia, ubao uko mita 4.57 mbele yake, ringi mita 3.05 juu ya sakafu, na ukumbi mzima unamtazama yeye tu. Kama kelele zingekuwa zinaharibu mkono wa mchezaji, hapo ndipo tungeziona. Hatuzioni. Ukichukua NBA nzima, msimu kwa msimu, wageni wanatia mitupo huru kwa kiwango kilekile cha wenyeji, kama robo tatu. Wale watu nyuma ya ubao wa kioo wanaotikisa mabaluni na kupiga mayowe mpaka mishipa ya shingo inatoka, kwa wastani hawapati kitu.

Mdau wa pili

Hawapati kitu? Mkuu, mimi nimecheza, namba tano, yule mrefu wa chini ya ringi, miaka kadhaa. Ukiwa mstarini ugenini unawaona kabisa wale watu. Unaona rangi zinacheza nyuma ya ubao. Huwezi kuniambia haisumbui.

Mleta mada

Kaka, sikatai kwamba unawaona. Nasema mkono uliofunzwa vizuri haugeuki kwa sababu hiyo. Mtafiti Joan Vickers wa Kanada aliwafungia wachezaji vifaa vya kufuatilia macho, akachapisha matokeo mwaka 1996. Wale wanaotia sana hukaza jicho mahali pamoja kwenye ringi, mapema, na kwa muda mrefu kidogo kabla ya kurusha. Wanaokosa, macho yao yanahamahama. Sasa fikiria wale mashabiki nyuma ya kioo: mia mbili, kila mmoja anapunga kivyake. Vitu mia mbili vinavyocheza ovyo vinageuka kuwa ukuta mmoja, kama majani ya mti yanavyotikisika na wewe bado ukaona tunda. Jicho likishakaa kwenye ringi, vingine vinafutika.

Chuo kikuu cha Arizona State walilielewa hilo. Kuanzia mwaka 2013 wanafunzi wao waliweka pazia nyuma ya goli, na mgeni anaposimama mstarini pazia linafunguliwa ghafla na kitu kimoja tu kinatokea katikati. Januari 2016 aliyetokea alikuwa Michael Phelps, muogeleaji, amevaa nguo ya kuogelea na medali shingoni. Mgeni akakosa mitupo yote miwili. Ile ni mechi ya chuo, si ya kulipwa, na nimeileta kwa sababu moja: kinachomtoa mtu mchezoni ni jambo moja lisilotarajiwa. Kelele anazitarajia tangu yuko kwenye basi.

Tena wengine kelele za ugenini ndizo chakula chao. Tarehe 1 Juni 1994, Madison Square Garden, New York, mechi ya tano ya fainali ya kanda ya Mashariki. Knicks wanaongoza, na Spike Lee, mwongozaji filamu, amekaa mstari wa mbele anamchokonoa Reggie Miller wa Indiana Pacers. Miller akatia pointi 25 kwenye robo ya nne peke yake, kila akitia anageuka kumtazama. Pacers wakashinda 93 kwa 86 na ukumbi mzima ukafungwa mdomo. Knicks walikuja kushinda mfululizo ule kwa mechi saba, lakini usiku ule wale watu walimchokoza mtu ambaye hakufaa kuchokozwa.

Mdau wa tatu

Mmemsahau mwamuzi. Nyumbani filimbi inalia tofauti.

Mleta mada

Hujakosea, na hili halihitaji mtu awe amehongwa. Mwaka 2002 watafiti wa Uingereza waliwachukua waamuzi wa soka, wakawaonyesha video ya matukio yaleyale, kundi moja likisikia kelele za uwanja na jingine bila sauti. Waliosikia kelele walitoa faulo chache zaidi dhidi ya wenyeji. Mwamuzi ni binadamu: tukio limetokea kufumba na kufumbua, hana uhakika, na sikio linampa jibu kabla jicho halijamaliza. Kwenye kikapu tatizo ni hilohilo, tena miili imebanana zaidi. Mchumi Tobias Moskowitz ametetea hoja kwamba faida kubwa ya nyumbani kwenye michezo mingi inapitia kwa mwamuzi kuliko kwa mchezaji. NBA nayo tangu 2015 inatoa hadharani ripoti ya maamuzi ya dakika mbili za mwisho kwa mechi zilizobanana. Mimi naamini kuhakikiwa namna ile, pamoja na marudio ya video, ni sehemu ya sababu za pengo kupungua tangu miaka ya 1980. Hiyo ni rai yangu.

Mdau wa kwanza

Haya, nimekubali la rebaundi na la filimbi. Lakini bado hujarudi kwenye madai yako. Ulisema *kimya cha nyumbani* ndicho kizito. Mfano wako ni Anderson tu.

Mleta mada

Nakuletea timu nzima.

Sacramento, 2002. Kings walikuwa na moja ya kumbi zenye kelele kuliko zote. Mashabiki walikuwa wanakuja na kengele za ng'ombe, na wageni walilalamika kwamba hawamsikii kocha hata wakiwa kwenye mduara wa taimauti, yale mapumziko mafupi ya kupewa maelekezo. (Hao hao mwaka 2013 waliingia kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness kwa desibeli 126, kelele kubwa kuliko zote kuwahi kupimwa kwenye mchezo wa ndani wakati huo.) Fainali ya kanda ya Magharibi, mechi ya saba, wako kwao, dhidi ya Lakers ya Shaquille O'Neal na Kobe Bryant. Kelele zote zile ni zao. Kings wakapata mitupo huru 30, wakatia 16. Za pointi tatu walirusha 20, zikaingia 2. Mechi ikaenda muda wa nyongeza wakapoteza 112 kwa 106.

Someni namba hizo tena polepole. Ukumbi ambao ungepaswa kuwavunja wageni mikono, waliovunjika ni wenyeji. Na wamevunjika wapi? Mstarini, pale ambapo kengele zinazimwa ili mtu wao apate utulivu. Mgeni akisimama mstarini anasikia kelele asizozijali. Mwenyeji akisimama anasikia pumzi za watu anaowajali. Hapo akili inaanza kuingilia kazi ya mkono: kiwiko kiko sawa? Nimekunja magoti? Kitu ulichokifanya mara laki bila kufikiri, ukianza kukifikiria kinakuponyoka.

Wanasaikolojia Roy Baumeister na Andrew Steinhilber waliandika hivyo mwaka 1984, kwamba timu ya nyumbani inapokaribia ubingwa hadhira yake yenyewe inaweza kuiangusha. Wapo waliopinga baadaye kwa takwimu zaidi, na ni haki niseme hivyo, kwa sababu mechi za saba kwa ujumla wenyeji wanashinda nyingi. Kwa hiyo sidai kwamba nyumbani ni hasara. Ninachodai ni kwamba umati ule ule unaompa mtu rebaundi ya tatu kwenye robo ya pili ndio unaomfunga mkono sekunde ya mwisho.

Robert Zajonc mwaka 1965 alilieleza kwa njia nyepesi zaidi: kutazamwa kunazidisha kile ambacho mwili tayari uko tayari kukifanya. Ulichokizoea sana utakifanya vizuri zaidi, usichokizoea utakiharibu zaidi. Ndiyo maana makocha husema wachezaji wa akiba huchanua nyumbani na kusinyaa ugenini, huku mastaa wakiwa walewale popote.

Mdau wa nne

Kaka, mimi ni kocha wa wasichana. Naomba nichangie kwa nilichokiona kwa macho yangu.

Mwisho wa kila mazoezi huwa nasimamisha kila kitu. Wote wanapanga mstari kuzunguka boksi, mmoja anapewa mpira, mitupo kumi. Wenzake hawaruhusiwi hata kukohoa. Nina binti mmoja, mlinzi, mkono wake ni mzuri kuliko wa wote. Tukiwa kwenye zogo, watu wanakimbia huku na huku, mipira mitatu inadunda kwa pamoja, anatia nane, tisa. Nikiwanyamazisha wenzake, anatia nne. Nimemsogelea nikatazama mkono: kidole cha shahada kinatetemeka juu ya mshono wa mpira, na anadunda mara tatu, halafu ya nne, halafu ya tano, wakati siku zote anadunda mara mbili. Nilimuuliza unawaza nini. Akasema, "Kocha, nasikia wanavyotaka niingize."

Tangu siku ile nimeacha kuhangaikia spika za kuwazoesha kelele kabla ya mechi za ugenini.

Mleta mada

Dada, umesema kwa sentensi moja nilichokizunguka uzi mzima. "Nasikia wanavyotaka niingize."

Mdau wa pili

Sasa mimi nawabana wote wawili. Giannis Antetokounmpo wa Milwaukee Bucks je?

Mtoano wa 2021, kila alipokwenda ugenini, Brooklyn, Atlanta, Phoenix, ukumbi mzima ulimhesabia: moja, mbili, tatu, mpaka kumi, kwa sababu kanuni inampa mchezaji sekunde kumi za kurusha na yeye anachelewa. Waamuzi waliwahi kumpigia filimbi kwa kuzidisha muda. Alirusha mingine haikugusa hata ringi. Alikuwa anatia zaidi kidogo ya nusu tu. Kisha tarehe 20 Julai, mechi ya sita ya fainali, yuko kwao Milwaukee, kimya cha nyumbani hichohicho unachokiogopa, anatia 17 kati ya 19. Pointi 50. Bucks wanachukua ubingwa wa kwanza tangu 1971. Kelele zilimuumiza, kimya kikamponya. Umekwama mkuu.

Mleta mada

Nimekaa na swali lako tangu mchana, na nitakujibu kwa haki: kwa Giannis umenishinda nusu. Zile hesabu za ugenini zilimfikia. Lakini angalia zilikuwa za namna gani. Haikuwa kelele ovyo, watu wote walikuwa na sauti moja, kwa mpigo mmoja, na walikuwa wanahesabu *yeye*, wanaigusa saa ya ndani ya mtindo wake. Hilo linafanana na pazia la Arizona kuliko mabaluni. Umati uliopata jambo moja la kweli kumhusu mchezaji ni silaha nyingine.

Kuhusu usiku wa Milwaukee, nimeirudia mechi ile. Bucks walikuwa nyuma 47 kwa 42 wakienda mapumziko, na kati ya pointi zake 50, 33 alizipata kipindi cha pili. Mitupo yake ilikuja imetawanyika, miwili hapa, miwili pale, kila moja ikiwa kazi ya kuisogeza timu. Haikuwa kama ya Anderson, ambapo usiku wote ulikusanywa ukawekwa kwenye mpira mmoja. Na kuna jingine, hili nalihisi tu: yule alikuwa ameshaaibishwa hadharani miezi miwili, kwenye kumbi tatu, mbele ya dunia. Alichokuwa anakiogopa kilikuwa kimeshamtokea. Kimya cha watu wake hakikuwa na cha kumdai.

Kwa hiyo nakirekebisha kichwa cha uzi wangu moyoni ingawa siwezi kukihariri tena: si kila kimya cha nyumbani kinaua. Kinaua kile kinachomkuta mtu ambaye bado ana kitu cha kuwaficha.

Dada kocha, yule binti amewahi kukosa mbele ya watu wengi? Namaanisha akakosa kweli, mechi ikapotea, na kesho yake akaamka salama?

Mdau wa nne

Hajawahi kaka. Namtoa kila dakika za mwisho, nilidhani namlinda.

Jioni hii nimefanya kitu. Nimewaambia wenzake wasinyamaze, waongee yao, wacheke, wafunge kamba za viatu. Akatia saba. Nikasema inatosha, tukanywe maji. Hakutoka mstarini. Akaniambia, "Kocha, kesho waambie wanyamaze, na ukihesabu, hesabu kwa sauti hata ninazokosa."

Jumamosi tuna mechi. Sitamtoa.